Bosi, hiyo fowili unaitaka ya nini?

"Naomba gari la juu, fowili, nakwenda Msalato."

Nakodisha magari hapa Dodoma, na ujumbe huu haukauki kwenye simu yangu. Wiki hii umeingia tena, safari hii kutoka kwa mtu anayetua na ndege ya asubuhi akitokea Dar na kurudi na treni ya jioni. Nikamuuliza anakwenda kufanya nini. Kuangalia kiwanja. Kiko mbali kiasi gani kutoka lami? "Dalali kasema ni hapo tu." Basi, leo naandika yote mara moja, ili mwingine akiniuliza nimtumie hapa, mimi niendelee na kuosha magari.

Imani ya wanaoomba fowili, yaani gari linalosukumwa na matairi yote manne, ina vipande viwili. Cha kwanza: Dodoma ni nyika, mji ukiisha na barabara imeisha, kwa hiyo bila fowili hutoki. Cha pili: ukishapata fowili unapita popote. Cha kwanza kinapoteza hela yako. Cha pili kinapoteza gari langu, na ndicho kitakachonichukulia muda.

Cha kwanza nakimaliza haraka. Uwanja wa ndege wa zamani uko ndani ya mji kabisa, kiasi kwamba ukiwa na begi jepesi unaweza kutembea hadi Nyerere Square. Kutoka hapo hadi Msalato, ulikopelekwa uwanja mpya wenye njia ya kurukia ya mita 3,600, ni lami mwanzo hadi mwisho. Ndiyo barabara kuu ya kwenda Kondoa, Babati na Arusha, na kwa Msalato unazungumzia kilomita kumi na kitu tu. Hata gari dogo kama IST linafika, kiyoyozi kikiwa kimewashwa. Kinachokusubiri njiani ni trafiki na tochi yake, maana penye makazi kikomo ni 50, na mtu aliyezoea foleni ya Dar akiona barabara tupu mbele yake mguu wa kulia unakuwa mzito. Faini inaingia kwa namba ya gari, yaani kwangu, na mimi nitakuletea. Jumamosi kuna mnada Msalato: mifugo, bodaboda, watu wanaofuata nyama choma, na magari yaliyoegeshwa popote mwenyewe alipoona moshi. Punguza mwendo. Imetosha.

Sasa tukubaliane fowili ni kitu gani, kwa sababu wengi wenu mnaomba umbo. Harrier, hata ile mnayoiita tako la nyani, Vanguard, RAV4, X-Trail: zote zipo zinazosukumwa na matairi manne na zipo zinazovutwa na mawili ya mbele tu. Zilitoka Japani hivyo hivyo, na kwa nje huzitofautishi. Usihangaike na maandishi ya nyuma, hayo yanabandikwa. Piga goti uchungulie chini upande wa nyuma. Ukiona difu, lile donge la chuma linalogawa nguvu kwa matairi, katikati ya matairi ya nyuma, na propela shafti, chuma kirefu kinachozunguka, inayotoka mbele kuja kuikuta, hiyo ni fowili. Usipoiona, umekodi IST iliyosimama wima.

Na hata zenye difu si ukoo mmoja. Nyingi za hizi za mjini hutembea kwa matairi ya mbele. Ya nyuma huitwa kazini pale ya mbele yanapoteleza, kupitia klachi ndogo inayoendeshwa kwa umeme. Kwenye mchanga, ukikandamiza mafuta kwa muda mrefu, klachi hiyo inapata joto, kompyuta ya gari inaiachia isiungue, na unabaki na matairi mawili ya mbele yakichimba kaburi lake. Kwenye dashibodi taa inawaka. Mteja ananipigia: "Bosi, fowili yako mbovu." Si mbovu, imefanya ilichoundiwa.

Hilux na Land Cruiser mkonga ni habari nyingine. Hizo unaunganisha mwenyewe, na kwa kawaida hazina difu ya katikati, ile inayoyaacha matairi ya mbele na ya nyuma yazunguke kwa kasi tofauti, kwa hiyo ukirudi kwenye lami ukiwa bado umeunganisha, gari linakaza kwenye kona na vyuma vinalia. Prado inayo difu ya katikati, inatembea kwa manne muda wote, na ukiingia kwenye mchanga unaweza kuifunga. Karibu hakuna mteja wangu wa Prado anayejua kitufe cha kuifunga kiko wapi. Analipia siku nzima kitufe asichokigusa.

Kazi ya fowili ni kusukuma, basi. Haikusaidii kusimama, breki nne hata Vitz inazo. Haikunji kona kwa niaba yako. Hainyanyui gari. Kibaya ni kwamba kwenye Prado mwendo wa 90 juu ya changarawe unauhisi kama 50, na unagundua ukweli pale punda anapoingia barabarani. Hapo utakanyaga breki na ABS itafanya kazi yake, na kwenye changarawe legevu kazi yake mara nyingi inarefusha kusimama, kwa sababu tairi lililofunga hujikusanyia rundo la kokoto mbele yake, na ABS ndiyo inayolizuia lisifunge. Wapo wanaofundisha udereva wanaoisifu ABS bila kugusa hilo.

Kinachokufikisha kwenye kiwanja ni vitu viwili ambavyo hakuna anayeniuliza: tumbo la gari liko juu kiasi gani, na matairi yakoje. Ukiacha lami, njia nyingi zimechimbwa na malori ya mchanga na kokoto. Kuna mifereji miwili ya matairi, katikati kuna mgongo. IST ina sentimita 15 hivi chini ya tumbo, Prado zaidi ya 20, na mgongo huo hauulizi kama una difu nyuma. Ukiukalia, sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, inapasuka na oili inabaki Msalato. Panda mgongo kwa tairi moja, jingine lishike ukingo, nenda polepole. Hilo tu linaokoa magari mengi kuliko beji yoyote. Na msifuate ramani ya simu kipofu: barabara ya mzunguko wa nje, ile ya kilomita 112.3 inayokutana na barabara ya Arusha upande wa Veyula, imekata njia za zamani, na simu haijui kwamba njia yako sasa inaishia kwenye tuta.

Matairi: fowili yenye vipara ni mtu mwenye miguu minne aliyevaa kandambili zote nne. Lakini hata kashata mpya, matairi ya meno makubwa, hazikulindi na miiba ya migunga. Watu wanasafisha viwanja, matawi wanayatupa njiani au wanazungushia boma, na mwiba mkavu wa mgunga unapenya tairi ubavuni, mahali ambapo fundi pancha anatikisa kichwa tu. Kwa hiyo kabla hujatoka kwangu angalia tairi la akiba na jeki. Kile kipande cha ubao kwenye buti ni cha kuweka chini ya jeki isizame mchangani. Si takataka. Acheni kukitupa.

Sasa korongo, na hapa ndipo subira yangu inapoisha.

Mnasikia Dodoma kame, mnadhani hakuna maji. Mvua yetu ni milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, ndogo kweli, lakini karibu yote inashuka kati ya mwisho wa Novemba na Aprili, tena inashuka kwa hasira: saa moja, saa mbili, kisha jua. Ardhi iliyokauka na kukanyagwa na mifugo miezi yote hiyo haiwahi kuyanywa. Maji yanakimbilia makorongoni. Korongo ulilolivuka saa nne asubuhi likiwa mchanga mweupe, saa tisa linakuja limebeba magogo. Wala si lazima mvua inyeshe ulipo wewe. Inaweza kuwa imenyesha juu huko, wewe uko kwenye jua kali unapiga picha bikoni.

Mteja akifika ukingoni anakumbuka namba. Toyota wanasema Prado inapita kwenye maji ya milimita 700. Sawa, lakini hayo ni maji yaliyotulia na chini pagumu. Korongo ni maji yanayotembea juu ya mchanga unaotembea. Sentimita 30 za maji ya kasi zinaweza kuanza kubeba gari dogo, na 60 zinabeba magari mengi ya kawaida, haya marefu yakiwamo. Gari limezibwa vizuri lisiingize vumbi, kwa hiyo kabla halijajaa maji linaelea, na likishaelea matairi yote manne hayagusi kitu. Fowili ya nini hapo? Tena lile kubwa, pana, lenye milango mirefu, linayapa maji mahali pazuri zaidi pa kusukuma.

Vitabu vinasema shuka, vuka kwanza kwa miguu, kisha pitisha gari. Ushauri huo siuamini kwenye makorongo yetu. Mchanga unaokubeba wewe wa kilo 70 unaweza kuimeza Prado ya tani mbili na ushee, na usipokubeba, umeshakwenda na maji. Madereva wangu wana utaratibu wao: wanachomeka kijiti ukingoni pale maji yanapoishia, wanakaa kivulini. Kijiti kikimezwa, wanageuza gari. Maji yakirudi nyuma, wanaendelea kusubiri. Maji ya aina hii huja haraka na huondoka haraka. Mara nyingi yanakuwa yamepungua kabla giza halijaingia. Lakini hata hapo siwezi kukuhakikishia kitu. Mchanga ulioachwa na maji umelegea, mvuko wa jana umehama, na magari hunasa kwenye korongo lisilo na tone la maji juu. Nikiulizwa kanuni, sina. Nina kijiti.

Injini ikinywa maji na kuzima katikati, usiiwashe tena. Maji hayagandamiziki kama hewa: pistoni inapanda, inakutana nayo, na konirodi, chuma kinachoishika pistoni, inapinda. Injini iliyozima tu mara nyingi fundi anaikausha. Ile iliyowashwa tena kwa "ngoja nijaribu mara moja" ndiyo inayokwenda kununuliwa nyingine.

Najua mtasema gari lina bima kubwa. Linayo. Bima kubwa ina kiasi cha hasara unachobeba mwenyewe, inataka dereva aliyeandikwa kwenye mkataba na si shemeji yake, leseni hai, na fomu ya polisi, PF 90. Kumshawishi mkadiriaji kwamba uliingia kwa bahati mbaya kwenye maji uliyoyaona, hiyo ni kazi yako. Na mnaokodi gari la jirani kwa sababu ni nafuu, someni bima yake inasema matumizi gani. Ikisema binafsi, mko peke yenu. Tuendelee.

Jambo nisilolimaliza ni upepo. Kwenye mchanga mkavu, ukishusha upepo wa matairi kutoka PSI 32 hadi 20 hivi, tairi linatanuka na gari linakaa juu ya mchanga badala ya kuuchimba. Nasema wazi, kwa mchanga dawa hiyo inashinda fowili, na hata Noah inatoka. Tatizo ni kurudi. Tairi la 20 likipelekwa mbio kwenye lami linapata joto na kuharibika, rimu inaumia kwenye jiwe la kwanza, na mwenye kompresa yuko barabarani kule ulikotoka. Nimefikiria kuweka pampu ndogo kwenye kila gari, kisha nawakumbuka watu wanaorudisha gari bila kile kibao cha jeki, naghairi. Kwa sasa madereva wangu wanaruhusiwa kushusha upepo, wateja hawaruhusiwi. Huo si msimamo wa kitaalamu, ni woga wa mwenye mali.

Kibiashara, kumwambia mtu achukue IST wakati anaomba Prado ni ujinga, najua. Ila Prado iliyolala gereji wiki tatu hainiletei kitu. Kwa hiyo mkinipigia nitauliza mambo matatu: ni mwezi gani, kiwanja kiko umbali gani kutoka lami, na katikati kuna korongo? La tatu muulizeni dalali. Analijua, hata jina lake analijua, ila hatalitaja mpaka aulizwe.

Juni hadi Oktoba nitakupa gari dogo, uliache kwenye lami mahali penye watu, na bodaboda amalizie kipande cha mwisho. Januari hadi Machi, ukitoka nje ya lami, unakwenda na dereva wangu, liwe Prado au Noah. Hapa ndipo watu wanaponuna. "Bosi, mimi naendesha tangu 1998." Naamini kabisa, umeendesha Sam Nujoma na Mandela, barabara za Dar. Dereva wangu analala kwake, anakula chake, na muziki utachagua wewe.