Je, wajua kwa nini watawa wa Kibudha walichonga mlima badala ya kujenga nyumba?

Panda treni ya mjini Mumbai ushuke Borivali, ingia Hifadhi ya Taifa ya Sanjay Gandhi, kisha fuata barabara inayopanda msituni. Huko juu utakikuta kilima cha mwamba mweusi kilichotobolewa matundu zaidi ya 100. Mahali hapo panaitwa Kanheri, jina lililotokana na Krishnagiri, yaani mlima mweusi. Ukisogea utaona kuwa mengi ya matundu hayo ni makao kamili: kuna ngazi, baraza, mlango, chumba, na ndani ya chumba kuna kitanda cha jiwe. Hakuna kilichojengwa. Vyote vimechongwa kwa tindo na nyundo, kazi iliyoanza kabla ya karne ya 1 BK na kuendelea kwa takriban miaka 1,000.

Nchi hiyo ilikuwa na misitu ya misaji, ilikuwa na matofali, na mafundi walikuwepo. Sasa kwa nini watu wajitese na mwamba?

Jibu linaanzia kwenye mvua. Watawa wa mwanzo hawakuwa na makao. Walitakiwa watembee kijiji hadi kijiji wakipokea chakula kwa wenyeji. Lakini mvua ikishika, kanuni yao iliwataka watulie mahali pamoja kwa miezi 3. Maandiko yao yanasimulia kwamba watu walilalamika kuona watawa wakitangatanga masika, wakikanyaga mimea michanga na vijidudu. Kipindi hicho cha kutulia kinaitwa vassa, neno la Kipali lenye maana ya mvua. Na mvua ya huko ni nzito kwelikweli. Upepo unaoileta ni wa mkondo uleule ambao sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tunauita kusi: unavuka bahari umejaa maji, unakutana na ukuta wa milima ya Sahyadri, na kuyamwaga yote hapo kuanzia Juni hadi Septemba. Kibanda cha miti na nyasi hakidumu misimu mingi ya namna hiyo. Pango linadumu.

Lakini mtawa hana fedha, na kuchonga pango ni gharama kubwa. Hapa ndipo wanapoingia wafanyabiashara. Mapango mengi ya magharibi mwa India, kama Karla, Bhaja na Nashik, yako karibu na njia zilizopita milimani kutoka bandari za Sopara na Kalyan kwenda bara. Misafara ilipita hapo, na wenye mali walitoa sadaka. Majina yao yamechongwa ukutani: wafanyabiashara, maseremala, watawa wa kike, na hata watu walioitwa Yavana, jina walilopewa Wagiriki na wageni wa magharibi.

Maandishi ninayoyapenda kuliko yote yako Nashik. Takriban miaka 1,900 iliyopita Ushavadata, mkwe wa mtawala Nahapana, alitoa pango pamoja na sarafu 3,000. Fedha hizo hazikugawiwa. Ziliwekwa kwa vyama vya wafumaji, mtaji usiguswe, faida tu ndiyo itumike. Sarafu 2,000 kati ya hizo zilizaa asilimia 1 kwa mwezi, yaani 240 kwa mwaka. Maandishi yanasema watawa 20 watakaokaa vassa pangoni humo wapewe sarafu 12 kila mmoja za kununulia nguo. Zidisha 20 kwa 12: ni 240 kamili. Msomaji anayeufahamu wakfu ataitambua mara moja hesabu ya namna hii.

Mtoaji wa aina hiyo hataki sadaka yake ioze. Katika pango la 26 la Ajanta, kundi jingine la mapango ya magharibi mwa India, kuna maandishi ya mtawa Buddhabhadra yanayosema wazi kuwa kumbukumbu iwekwe mlimani, idumu maadamu jua na mwezi vipo.

Na hawakuisahau nyumba ya mti. Huko Bhaja, kwenye ukumbi wa ibada wa karne ya 2 KK, nguzo za jiwe zimeinamia ndani kidogo, kama nguzo za mbao zinazobeba paa zito. Jiwe halihitaji kuinama. Fundi aliiga alichokizoea. Karla hata leo dari ya mwamba ina mataruma ya msaji yasiyobeba chochote.

Kazi yenyewe ilianzia juu. Fundi alikamilisha dari kwanza huku amesimama kwenye mwamba ambao bado haujachongwa, kisha akashuka taratibu. Hakuhitaji jukwaa. Pango la 24 la Ajanta liliachwa bila kumalizika, nalo linaonyesha hatua hizo vizuri.

Sasa fikiria stupa. Kwa asili stupa ni kuba la udongo au matofali lililojengwa juu ya mabaki ya Buddha au ya watawa walioheshimiwa. Ndani ya pango haijengwi. Ni sehemu ya mlima iliyobakizwa baada ya kila kilichoizunguka kuondolewa, kwa hiyo ilibidi fundi ajue itasimama wapi, na kwa ukubwa gani, kabla hajagonga pigo la kwanza. Kosa moja na hakuna jiwe la kuzibia. Kwangu mimi huo ndio ustadi mkubwa kuliko mapambo yote ya ukutani. Bhaja kuna stupa 14 zilizosimama pamoja, nyingine zikiwa na majina ya watawa waliofariki. Upande wa pili wa India, karibu na Anakapalle, kilima kizima cha Lingalakonda kimechongwa stupa safu juu ya safu. Wenyeji wa baadaye walidhani ni linga, yaani alama za Shiva, mungu wa Wahindu, na jina la kilima likatokana na hilo.

Ukizuru, usiangalie sanamu tu. Tazama sakafuni na pembeni mwa milango ya Kanheri: kuna mifereji myembamba inayopeleka maji ya mvua kwenye mabirika yaliyochongwa mwambani, akiba ya kiangazi kwa jamii nzima. Ukiingia ukumbini, pita njia nyembamba kati ya nguzo na ukuta, stupa ikiwa mkono wako wa kulia, mpaka uizunguke yote. Njia hiyo ilichongwa kwa ajili ya miguu ya watu waliokuwa wakizunguka hivyo.