Dawa za Kupunguza Asidi na Vidonda vya Tumbo vya Panya: Yanayodhaniwa na Yalivyo

Wengi hudhani kwamba panya wa maabara huugua vidonda vya tumbo kwanza, kisha hupewa dawa ya kupunguza asidi ili ionekane kama atapona. Katika jaribio la kinga, yaani la kuona kama dawa huzuia vidonda visitokee, mambo huenda kinyume: panya hushindishwa njaa, hunyweshwa dawa kwa mrija hadi tumboni, na baadaye kidogo ndipo hupewa kitu cha kumuumiza, kama vile alkoholi kali au indomethasini (dawa ya maumivu inayodhuru tumbo). Kwa kuwa panya hula kinyesi chake, wakati wa kufunga huwekwa katika kizimba chenye sakafu ya waya, la sivyo tumbo halitakuwa tupu. Mwishoni huuawa, tumbo hupasuliwa na kutandazwa, na michubuko hupimwa kwa milimita, tena yafaa ipimwe na mtu asiyejua panya yupi alipewa nini.

Dhana inayopotosha zaidi, hata miongoni mwa wasomi, ni kwamba dawa ya asidi ikizuia vidonda basi asidi ndiyo iliyokuwa ikivisababisha. Alkoholi kali yenyewe huunguza utando wa tumbo, bila kuhitaji asidi. Mwaka 1979 mtafiti Andre Robert na wenzake walionyesha kwamba prostaglandini, kemikali ambazo mwili hujitengenezea, huukinga utando wa tumbo la panya dhidi ya alkoholi hata kwa kiasi kisichopunguza asidi, na baadaye ikaonekana kwamba dawa zenye hidroksidi ya alumini hukinga hata zikiwa zimekwisha kutiwa asidi, yaani zikiwa hazina tena nguvu ya kuizimua (kuiondolea ukali). Kwa hiyo mtafiti asiyepima asidi ya tumboni hana haki ya kuitaja kuwa ndiyo sababu. Asidi huwa na uzito mkubwa zaidi katika mbinu ya mtafiti Shay ya mwaka 1945, ambapo njia ya kutokea tumboni hufungwa kwa uzi na majimaji hujikusanya ndani. Lakini hapo vidonda hutokea hasa katika sehemu ya mbele ya tumbo, sehemu ambayo binadamu hana.

Wengine huziona dawa hizi zote kuwa sawa. Hidroksidi ya magnesi huzimua asidi iliyokwisha kutolewa. Omeprazoli huzuia isitolewe.

Ipo pia imani kwamba kilichomkinga panya kitamponya binadamu. Vidonda vingi vya binadamu hutokana na bakteria Helicobacter pylori, waliotambuliwa na madaktari Warren na Marshall huko Perth, Australia, mwanzoni mwa miaka ya 1980, au na dawa za maumivu kama aspirini. Jaribio la alkoholi halimhusishi bakteria huyo hata kidogo. Isitoshe, kukinga si kuponya: anayetaka kupima uponyaji hutengeneza kwanza kidonda kilichozama ndani kwa asidi ya asetiki (asidi ya siki), kisha hutoa dawa kwa siku kadhaa huku akilinganisha na panya wasiopewa, kwa sababu kidonda hicho hupona chenyewe polepole.