Kupakia YouTube si kuhifadhi

Juzi msimamizi wa maktaba moja ya chuo ameniuliza tena: "Mahojiano haya ya wazee tumekwisha kuyapakia YouTube, kanda zake tuziweke za nini?" Swali hili limenichosha, kwa sababu kila linapoulizwa huwa kuna sanduku la kanda linalosubiri kupelekwa jalalani.

YouTube ni mahali pa kuonyeshea. Kila video inayopakiwa hubanwa upya, na anachokiona mtazamaji ni nakala iliyopungua. Saa moja ya kanda ya MiniDV, yaani kanda ndogo ya kamera inayorekodi kidijitali, ikihamishiwa kwenye kompyuta kama ilivyo, huchukua takriban gigabaiti 13. Katika rekodi ya bibi anayesuka ukili, faili hilo hukuwezesha kuhesabu miyaa vidoleni mwake na kuona anapoongeza mpya. Katika nakala ya YouTube miyaa imeungana ikawa doa la rangi moja, na mtafiti wa ususi hana tena cha kusoma. Wapo wanaonijibu kwamba Google Takeout, huduma ya kupakua data za akaunti yako ya Google, hurudisha faili la awali. Huweza kulirudisha, lakini kwa sharti kwamba akaunti ingali hai, ilhali katika maktaba zetu nenosiri mara nyingi analo mtumishi aliyekwisha kuhamishwa. Tena akaunti yenye maonyo 3 ya hakimiliki ndani ya siku 90 yaweza kufungwa na video zake zote, zikiwemo ambazo hakuna aliyezilalamikia. Hata tovuti yenyewe huweza kufa: Blip, tovuti ya video iliyokuwa na watumiaji wengi, ilifungwa mwaka 2015.

Sisemi tuiache YouTube, kwani huwafikia wasomaji ambao hawatakanyaga maktabani kamwe. Maktaba ya Bunge la Marekani ilifungua chaneli yake mwaka 2009, huku nakala kuu zikitunzwa katika kituo chake cha Culpeper, Virginia.

Kuhusu muundo wa faili, MiniDV naiacha kama ilivyo. Kwa VHS nasitasita: FFV1, mfumo mmoja wa kubana video, hubana bila kupoteza chochote, lakini mafaili yake ni makubwa, na fedha za diski huisha kabla ya kanda. Hata hivyo, VHS ndizo zitangulie, ziwekwe kwenye diski mbili katika majengo tofauti, maana kampuni ya Funai ya Japani, ya mwisho kutengeneza deki zake, iliacha kazi hiyo mwaka 2016, na vipuri vinazidi kuadimika.