Kifua kilichobanwa na kifusi: maswali na majibu

Dar haitikisiki sana. Haya yanatuhusu nini?

Tetemeko la Kagera, Septemba 10, 2016, liliangusha nyumba Bukoba. Kariakoo, Novemba 16, 2024, ghorofa liliporomoka bila ardhi kutikisika. Kwa kifua, kifusi ni kifusi.

Katolewa anaongea, hana jeraha. Apelekwe hospitali?

Apelekwe. Mbavu za mtoto hupinda bila kuvunjika, kishindo chote kikaishia kwenye pafu. Pafu lililochubuka huvuja ndani kwa ndani, na hali huweza kuwa mbaya zaidi ndani ya saa 24 hadi 48.

Mfungue shati, uhesabu pumzi dakika nzima. Mtu mzima aliyetulia huvuta 12 hadi 20. Zikipita 30, midomo ikiwa ya bluu, au upande mmoja wa kifua usipoinuka, hiyo ni dharura. Tazama pia kama kuna kipande cha kifua kinachoingia ndani wakati kingine kinatoka nje: hapo mbavu tatu au zaidi zinazofuatana zimevunjika, kila moja sehemu mbili.

Tumkaze kwa kanga?

Msimkaze. Kanga hupunguza maumivu kidogo na pumzi zaidi. Pafu lisilotanuka hukusanya makohozi, na nimonia haiko mbali.

Eksirei imetoka safi. Basi?

Bado. Akipigwa picha amelala chali, hewa iliyovuja nje ya pafu hupanda mbele na damu hutandaa mgongoni, vyote vikajificha. Ultrasound ya kifua huwahi kuviona. Lakini hewa inayoingia kati ya pafu na ukuta wa kifua bila kutoka, ikisukuma moyo pembeni na kushusha presha, haisubiri picha yoyote: daktari hutoboa kwa sindano nene, kisha huweka mpira wa kutolea hewa na damu kifuani. Dalili yake moja ni mishipa ya shingo kuvimba, ila aliyepoteza damu nyingi huenda isivimbe, na hapo ndipo wengi hudanganyika.

Mpira wa kifua unafanyaje kazi?

Hupita karibu na nafasi ya tano kati ya mbavu, mbele kidogo ya katikati ya kwapa, na ncha ya nje huzama kwenye maji ya chupa. Hewa hutoka kwa mapovu, isirudi. Ikitoka damu ml 1,500 kwa mkupuo, au ml 200 kila saa kwa saa mbili hadi nne, huitwa daktari wa upasuaji.

Mambo huharibika njiani kwenda eksirei: ndugu huinua chupa na kuilaza kitandani, maji yakarudi kifuani. Ibaki chini ya kifua, imesimama. Na mpira unaotoa mapovu usibanwe; hewa itanaswa upya.

Mguu nao ulibanwa kwa saa kadhaa?

Misuli iliyopondeka humwaga potasiamu, moyo ukaweza kusimama mara tu anapochomolewa. Waokoaji wenye utaalamu huanza dripu ya chumvi kabla ya kumtoa, kwa mtu mzima kama lita moja kwa saa. Ringa, dripu ya aina nyingine, haifai hapo, ina potasiamu. Diklofenaki, dawa ya maumivu, pia iachwe, figo ziko hatarini.

Mbavu tu ndizo zilizovunjika. Nyumbani afanye nini?

Parasetamo gramu 1 kila baada ya saa 6 kwa mtu mzima, isizidi gramu 4 kwa siku. Isipotosha aombe dawa kali zaidi, kwani anayeogopa maumivu hakohoi. Avute pumzi ndefu kumi kila saa akiwa macho, akikohoa akumbatie mto. Mbavu huunga kwa wiki sita hivi. Homa, makohozi ya damu au pumzi kukatika: arudi siku hiyohiyo.