Kwa nini barua za mwandishi hazimo kwenye makaratasi yake?

Ukisikia kwamba chuo kikuu fulani kinatunza makaratasi ya mwandishi, zikiwemo barua, picha inayokuja haraka ni ya maboksi yaliyojaa barua alizoziandika yeye. Ukienda na picha hiyo utapata mshangao. Jalada la kwanza, barua ya kwanza: sahihi si yake. Ya pili, si yake. Ya kumi, bado. Hakuna aliyekosea kubandika lebo. Barua ikishatumwa haiko tena kwa aliyeiandika, na makaratasi ya mtu ni yale yaliyobaki nyumbani kwake.

Ukishaambiwa, jambo lenyewe linaonekana wazi kabisa. Ila dhana ya kwanza ina mizizi mirefu, na inafaa kuing'oa taratibu, kwa sababu inawapoteza hata watu wanaosoma wasifu wa waandishi kila siku. Wanaona mwandishi fulani hana barua za mwaka fulani kwenye maboksi yake, wanakata shauri kwamba mwaka ule alinyamaza. Kumbe huenda aliandika kuliko mwaka mwingine wowote. Pengo kwenye boksi lake linasema kwamba yeye hakupokea, au alipokea akatupa. Juu ya alichokiandika, halisemi kitu.

Fikiria mtaa wa Uswahilini mwezi wa Ramadhani, nyumba zikipelekeana futari. Mama mmoja kapika tambi, kampa mtoto sahani aipeleke nyumba ya pili. Kwake yameingia maharage ya nazi kutoka kwa jirani wa kushoto, mihogo kutoka kwa jirani wa kulia, magimbi kutoka nyumba ya nyuma. Adhana ya magharibi ikiingia, mkeka wake umejaa mapishi ya mtaa mzima. Sasa aje mgeni anayetaka kujua mkono wa mama huyu ukoje. Akionja kilicho mkekani pake atatoka na habari za majirani. Tambi ziko nyumba ya pili, na huko nako inategemea: huenda wamebakiza, huenda wamemaliza, huenda sahani imesharudishwa tupu na watu wamehama. Mgeni huyo hana budi kubisha hodi mlango kwa mlango, na matokeo yake yatategemea ustaarabu wa waliopokea kuliko ufundi wa aliyepika.

Mfano mzuri wa kweli uko Kanada. Adele Wiseman alizaliwa Winnipeg, jimbo la Manitoba, mwaka 1928, katika familia ya wahamiaji Wayahudi kutoka Ukraine. Alikuwa mwalimu na mwandishi, na hakukaa sana mahali pamoja: alifanya kazi London, akafundisha Roma, akafundisha Montreal, na mwaka 1981 alikwenda China pamoja na waandishi wenzake sita, Alice Munro akiwa mmoja wao. Riwaya yake ya kwanza ilipata tuzo ya Gavana Mkuu, tuzo kubwa ya fasihi ya Kanada, ya mwaka 1956. Kuanzia 1987 hadi 1991 aliongoza mafunzo ya uandishi huko Banff, kwenye milima ya Alberta. Alifariki mwaka 1992. Makaratasi yake yako Chuo Kikuu cha York, Toronto.

Mwaka 1947, huko Winnipeg, alifahamiana na Margaret Laurence, naye mwandishi chipukizi wakati huo. Urafiki wao ulidumu mpaka Laurence alipofariki mwaka 1987, na kwa kuwa mara nyingi walikuwa nchi mbalimbali, ulipita posta. Laurence alifuatana na mumewe mhandisi hadi Somalia ya Waingereza mwaka 1950, ambako mume alikuwa akisimamia uchimbaji wa mabwawa ya maji ya mvua jangwani, kisha wakahamia Gold Coast, Ghana ya leo, mpaka 1957. (Kitabu chake cha kwanza, tafsiri za mashairi na hadithi za Wasomali, kilichapishwa Nairobi mwaka 1954. Wakanada wengi hawajui kwamba mmoja wa waandishi wao wakubwa alianzia kwa mchapishaji wa Nairobi.)

Barua ambazo Laurence alimwandikia Wiseman zikaingia katika makaratasi ya Wiseman. Alizoandika Wiseman kumjibu zilikuwa mali ya Laurence. Bahati nzuri makaratasi ya Laurence nayo, kwa sehemu kubwa, yako York, kwa hiyo nusu mbili za mazungumzo yale zimelala jengo moja, kila moja ndani ya boksi la mwenzake. Mwaka 1997 barua teule za pande zote mbili zilitolewa kuwa kitabu. Si wote wenye bahati hiyo. Laurence huyohuyo aliandikiana pia na mshairi Al Purdy, ambaye makaratasi yake yako Chuo Kikuu cha Queen's, Kingston, na Gabrielle Roy, ambaye yake yako Maktaba na Nyaraka za Kanada, Ottawa. Anayetaka kumsikia Laurence akisema na marafiki wake watatu ajiandae kwa miji mitatu.

Hapa ndipo safari inapoingia. Msafiri huandika barua nyingi kuliko mtu aliyetulia, maana ana mengi ya kusimulia na upweke wa kutosha. Lakini msafiri huyohuyo ni mtunzaji mbaya. Anaishi kwenye sanduku. Kila anapohama anapunguza, na vinavyotangulia kupunguzwa ni makaratasi. Aliyebaki nyumbani ana droo, ana kabati, ana uvungu wa kitanda. Kwa hiyo wakati wa safari ndefu, sauti ya msafiri ndiyo inayosalia, na ya aliyebaki ndiyo inayopotea. Hii si kanuni isiyovunjika. Wako wasafiri waliobeba barua zao bara hadi bara, na wako wakaa nyumbani waliozitia moto. Ila mwelekeo huo unaonekana mara nyingi.

Sisi wenyewe tunao ushahidi wake. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali, mtu wa kuhamishwa vituo: Pangani, Mpwapwa, Tanga. Barua alizomwandikia mdogo wake Yusuf Ulenge, za kuanzia 1931 hadi 1958, zimechapishwa Dar es Salaam kwa sababu Yusuf Ulenge alizitunza. Tunamsoma mshairi yule akiwaza juu ya fedha, familia na vitabu vyake kwa hisani ya mpokeaji.

Kwa mwalimu hasara ni kubwa zaidi, wala haihusu barua tu. Kazi kubwa ya mwalimu wa uandishi huandikwa pembeni mwa karatasi ya mtu mwingine: sentensi iliyokatwa, alama ya kuuliza, maneno mawili chini ya ukurasa wa mwisho. Karatasi hiyo hurudi kwa mwanafunzi, naye huondoka nayo. Mtu anaweza kufundisha miaka thelathini na maboksi yake yasionyeshe alivyokuwa akisahihisha, isipokuwa pale ambapo mwanafunzi alikuja kuwa maarufu na yeye akatunziwa makaratasi.

Je, hakuna waliobaki na nakala? Wapo. Nakala hizo ni kama tambi ambazo mama yule angeziacha sufuriani. Enzi za taipureta ilitosha kuweka karatasi ya kaboni, yenye wino wa kunakili, kati ya kurasa mbili, na wanaofanya kazi kwenye nyaraka huitambua nakala hiyo kabla hawajaisoma: karatasi nyepesi inayokaribia kuonyesha vidole, herufi zenye ukungu, michirizi myeusi pale kaboni iliposugua, na kwa kawaida chini hakuna sahihi. Lakini nakala ya kaboni ina udanganyifu wake. Inanasa kilichopigwa kwa mashine tu. Mwandishi akishachomoa karatasi, akachukua kalamu na kuongeza mstari pembezoni, au akafuta jina la mtu, hayo yanakwenda na barua halisi. Na mara nyingi yaliyoongezwa kwa kalamu dakika ya mwisho ndiyo yenye utamu. Tena watu waliweka nakala za barua za kazi, kwa mchapishaji, kwa benki, kwa mkuu wa chuo, kuliko za kumwandikia rafiki. Matokeo yake, mtu anayesomwa kupitia nakala zake pekee huonekana mkavu, mwenye madai ya malipo kila wiki.

Swali linalofuata ni lile ambalo watunza nyaraka huulizwa mpaka wakachoka: ikiwa nusu zote mbili ziko chini ya paa moja, kwa nini zisichanganywe, barua na jibu lake, kwa tarehe? Kanuni inayokataza ilitungwa Ufaransa mwaka 1841, na Kanada inaishika kwa dhati: makaratasi yaliyokusanywa na mtu mmoja hukaa pamoja, bila kuchanganywa na ya mwingine. Barua iliyo ndani ya boksi la Wiseman inasema mambo mawili kwa mkupuo: alichoandika Laurence, na kwamba Wiseman aliona inafaa kuitunza. Ukiihamisha, jambo la pili linafutika, na haliwezi kuandikwa upya. Kupanga kwa tarehe ni kazi ya mhariri wa kitabu, naye anaweza kuifanya kwa nakala bila kugusa maboksi.

Kilicho kioja zaidi ni umiliki. Mwaka 1741, huko Uingereza, mshairi Alexander Pope alimshtaki muuza vitabu Edmund Curll kwa kuchapisha barua zake. Jaji alizigawa barua zile kwa namna ambayo nchi nyingi bado zinaifuata: karatasi ni mali ya aliyepokea, maneno ni mali ya aliyeandika. Mpokeaji anaweza kuiuza, kuichoma, au kuitoa zawadi kwa chuo kikuu, asimwulize mtu. Kuichapisha hawezi. Ndiyo maana mwaka 1999 barua za mwandishi Mmarekani J. D. Salinger ziliweza kupigwa mnada New York na aliyezipokea, bila ya mwandishi kuwa na la kufanya. Mnunuzi alilipa zaidi ya dola 150,000, kisha akatangaza kwamba yuko tayari kumrudishia Salinger.

Kwa York maana yake ni hii: ruhusa ya kuishika na kuisoma barua ya Laurence unaipata kwa waliokabidhiwa makaratasi ya Wiseman, lakini ukitaka kuichapisha kitabuni lazima uwatafute wenye haki za Laurence. Makaratasi ya Wiseman yanaweza kuhamia jengo jingine kesho, na haki za maneno yale zisisogee hata hatua moja.