Bawabu akiondoka, chokaa huanza kujengwa

Kuna mnyama mwenye miiba anayejibanza kwenye mawe maji yakipwa, ukimkanyaga, hutamsahau. Mimi humwita nungu wa bahari. Ninayemsoma ni wa zambarau, wa pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini, ambaye jenomu yake, yaani jumla ya jeni na maelekezo yake ya urithi, ilichapishwa mwaka 2006.

Yai lake likishagawanyika mara nne, linakuwa seli 16. Nne kati ya hizo, upande mmoja wa kiinitete, ni ndogo sana: mikromea. Zikigawanyika tena, kila moja hutoa mtoto mkubwa na mdogo, na wale wakubwa wanne ndio watakaojenga kiunzi cha lava, yaani nungu mchanga, vijiti vyembamba vya chokaa. Mwaka 1975 mtafiti Kayo Okazaki alizitenga mikromea, akazilea katika maji ya bahari yaliyotiwa seramu, yaani majimaji ya damu. Zikajenga vijiti bila mwenzao hata mmoja.

Zilijuaje? Nilipoanza kusoma nilitarajia jeni moja inayoamuru "jenga". Sivyo. Uwezo wa kujenga umezuiwa karibu kiinitete kizima na protini iitwayo HesC, mithili ya bawabu mlangoni. Ndani ya mikromea tu huwaka jeni nyingine, pmar1, na kazi ya protini yake ni kumnyamazisha bawabu huyo. Hapo jeni nyingine, alx1, ets1 na tbr, hupata nafasi, nazo huamsha jeni za protini za kiunzi.

Ushahidi wake unanisisimua mpaka leo. Maabara ya mwanabiolojia Eric Davidson huko Caltech, chuo kikuu cha Marekani, iliiwasha pmar1 kiinitete kizima, na seli zikageuka kwa wingi kuwa wajenzi. Walipomwondoa HesC, ikawa vilevile. Mwaka 2010 ilionyeshwa kwamba alx1 huanza kuwaka hata kabla HesC hajatoweka, kwa hiyo mlango huu si njia pekee. Naona hilo limeipa picha uhai zaidi, halijaibomoa.

Wajenzi hawajipangii mahali, ingawa. Ngozi ya nje hutoa protini ya VEGF sehemu maalumu, nao huifuata. Ukiziba kipokezi chake, yaani kile kinachoipokea protini hiyo kwenye seli, kiunzi hakijengwi.

Sasa mtazame jamaa yake, kiti cha pweza. Lava wake hana kiunzi hicho, lakini akikua, mwili wake hujenga vipande vya chokaa kwa jeni nyingi zilezile, alx1 ikiwemo. Yaani nungu hakubuni mafundi wapya. Aliwaita wa utu uzima waje kufanya kazi utotoni, na huenda pmar1 ilisaidia kuwafungulia mlango mapema.