Kontroli yuniti kwenye pikipiki ya zamani maana yake nini hasa

Wengi wakisikia kontroli yuniti akili inaenda moja kwa moja kwenye ile kompyuta ya injini, ile inayopima hewa na mafuta kwenye pikipiki za kisasa. Hapa siyo hiyo, ni boksi dogo linalogawa umeme wa pikipiki. Pikipiki ya miaka ya 70 ukiivua yote ukaijenga upya kama kastomu, kabureta inabaki kabureta na injini hata haijui kama kuna kitu kimebadilika. Kinachobadilika ni njia ya umeme kutoka kwenye betri kwenda kwenye taa, honi, indiketa na staata, basi.

Kwenye waya za zamani mzigo wote unabebwa na swichi. Chukua taa ya mbele ya wati 55 kwa volti 12, hiyo inakula karibu ampea 4.6, na umeme huo unatoka betri unapita kwenye swichi ya ufunguo, unapanda mpaka swichi ya kwenye usukani, halafu ndo unaifikia taa, na kila mahali waya inapoungwa kukishaingia kutu volti zinapotea hapo, ndo maana mtu anabadilisha betri anabadilisha balbu na taa bado inafifia vilevile.

Kontroli yuniti inatenganisha amri na mzigo. Ukishika hiki umeelewa kila kitu. Ukibonyeza batani unagusisha tu kiwaya chembamba kwenye ethi (upande wa hasi, yaani fremu), hapo unaomba tu, boksi linasikia ombi lako na lenyewe ndo linafungulia umeme mkubwa kwa waya fupi ya maana. Ndani hamna rilei (swichi zinazovutwa na umeme) za kugonga tik tik, ni transista, yaani swichi za kielektroniki zisizo na kitu kinachosogea, kwa hiyo boksi la fyuzi, flasha ya indiketa na rilei ya taa vyote unavitoa. Ile m-unit ya Motogadget ya Ujerumani ndo wajenzi wengi wanaijua, ila wazo ni hilohilo hata kwa nyingine.

Mimi kinachonifurahisha zaidi ni shoti. Waya ya taa ya nyuma ikijichuna kwenye fremu, boksi linakata njia hiyo peke yake, kwingine kote kunaendelea kuwaka, na kitaa kidogo kinakuonyesha ni njia ipi. Kama umewahi kubandua tepu futi nzima nzima usiku unatafuta shoti moja, utaelewa kwa nini nalipenda hili jambo. Na indiketa za LED nazo zinatulia, maana flasha ya zamani inategemea umeme unaoliwa na balbu, ukiweka LED inapepesa haraka haraka au inagoma kabisa, boksi lenyewe linahesabu muda halijali umefunga balbu gani.

Sasa usilitegemee kwa yasiyo yake. Halichaji betri, kwa hiyo rektifaya mbovu (kile kifaa kinachodhibiti umeme wa kuchaji) inayopitisha volti nyingi italiua na hilo boksi. Fyuzi kubwa kati ya betri na boksi lazima ibaki. Waya nene ya staata pia inabaki, boksi linaamsha rilei kubwa ya staata tu, halibebi mota yenyewe. Pikipiki ya volti 6 inabidi kwanza uihamishe iwe 12, na siyo betri tu, hata upande wa kuchaji na balbu zote. Zile Triumph na BSA za Uingereza za miaka ya 60 ambazo chanya ndo imefungwa kwenye fremu, geuza kwanza iwe hasi, ukisahau hilo utaunguza boksi siku ya kwanza tu.

Halafu kofia za plagi, watu wanazidharau sana hizi. Weka zenye resista (kipande kinachozuia umeme kidogo), kilo-omu 5 inatosha, kwa sababu cheche ya plagi inatupa kelele za umeme na boksi likizipokea linaweza kuwasha au kuzima vitu ambavyo hujagusa.